Mshono wa Katikati

Hakuwa na cherehani. Hakuwa na saa ya ukutani. Hakuwa na kaka wala dada, na mama yake alikuwa amekwisha kufariki. Hakuwa na kabati, maana chumba chote kilijaa pamba na sufi. Hakuwa na kitabu hata kimoja, ila kile chembamba cha darasa la jioni, chenye picha ya kuku na ya jembe. Na ingawa alishona magodoro ya mtaa mzima, godoro lake mwenyewe hakuwa nalo. Alilalia la mteja aliyechelewa kuja kulichukua, na wateja wakiwahi wote, alilala mkekani.

Watu walimwita Fundi.

Alichokuwa nacho ni sindano ndefu ya mkono, mume mwenye mkokoteni, na baba.

Chumba cha kazi kilikuwa na dirisha moja. Jua la mchana lilipoingia, nyuzinyuzi za sufi zilielea ndani ya mwanga. Zilipanda, zikashuka, zikapanda tena, kama vitu visivyokuwa na haraka na dunia. Mtu akiingia mle hupunguza sauti bila kuambiwa, kana kwamba kuna mtoto aliyelala. Hata wadai wa maneno makali wakifika mlangoni hujikuta wananong'ona.

Baba yake ndiye aliyemfundisha kazi. Sasa macho ya mzee yalikuwa yameingia ukungu, na sindano hakuiona tena. Kazi yake ilibaki moja. Godoro likiisha, hulilalia ili apime kama lina donge.

"Wenzangu walilipwa kwa kuamka mapema," alipenda kusema. "Mimi nalipwa kwa kulala."

"Baba, nikizaliwa mara ya pili nataka niwe wewe," mkwe wake alimjibu. "Mimi nasukuma mkokoteni, wewe unasukuma usingizi."

"Usingizi hausukumwi, mkwe. Huitwa."

Na mzee aliuita kweli. Akishajinyoosha, hufumba macho na kusema taratibu maneno ambayo mama yake aliwaimbia yeye na ndugu zake walipokuwa wadogo:

"Usingizi njoo kwangu, mlango sijaufunga. Mkeka na mto wangu, vyote nimekwisha panga. Wameshalala wenzangu..."

Hapo husita. Midomo yake hutafuta, kama mkono unaopapasa ukuta gizani.

Zamani alikuwa akifika mbali. Mwaka hadi mwaka, maneno yalimtoka moja moja.

"Beti zilikuwa tatu, mama," alimwambia Fundi. Alizoea kumwita binti yake mama. "Moja nimebaki nayo nusu. Mbili zimekwenda."

"Zitarudi, Baba."

"Zitarudi kwa nani? Ndugu zangu wote wamelala udongoni. Aujuaye wimbo ule ni mimi tu. Siku nikifumba macho, mama yangu naye atakufa mara ya pili."

Tangu siku hiyo mzee alianza kusukuma sahani kando. Alikula kidogo, akaongea kidogo. Fundi alishona huku akimtazama. Aliona wazi kwamba njaa ya baba yake haikuwa ya chakula.

*

Bi Miwani, muuza vitabu wa barabara ya pili, aliagiza mto wa kiti.

"Ninakaa kuliko kuku anayeatamia," alisema alipoagiza. "Na yai lenyewe sina."

Mto ulipokuwa tayari, Fundi aliupeleka mwenyewe. Juu ya mlango wa duka palikuwa na kibao. Kwa muda mrefu alikuwa akikipita kama mtu anavyopita ukuta. Sasa alikuwa amesoma darasa la jioni, basi alisimama akakisoma, silabi moja baada ya nyingine:

VITABU VYA KITAALUMA, VYA USHAIRI, NA VYA KALE VILIVYOCHAPWA UPYA.

"Hodi."

"Karibu, Fundi. Mbona umekunja uso?"

"Bibi, hivi vya kale vimekosa nini hata vichapwe upya? Havikukoma mara ya kwanza?"

Bi Miwani alicheka mpaka miwani ikashuka puani.

"Kaa hapa. Godoro kuukuu likija kwako, unalifanyaje?"

"Nalifumua. Natoa pamba, naichambua, naipiga mpaka iumuke. Kisha naitia katika kitambaa kipya."

"Na pamba ni ile ile?"

"Ile ile. Pamba nzuri haizeeki, hushikamana tu."

"Basi na kitabu ni hivyo. Kuchapa ni kupiga chapa. Kitabu cha zamani nakala zake huisha. Nyingine huchakaa, nyingine huliwa na mchwa. Watu wakiona hasara kukipoteza, hukipiga chapa tena. Maneno yale yale, karatasi mpya, jalada jipya."

Fundi alitazama rafu. Aliona vitabu vyembamba na vinene, vyekundu na vya kijivu, vimesimama bega kwa bega. Kulikuwa na harufu ya gundi na karatasi. Duka lilikuwa kimya kama chumba chake cha kazi, ila hapa hakuna kilichoelea. Alihisi kwamba vitu vinaelea, lakini ndani ya majalada.

"Na vya kitaaluma?"

"Humo wasomi wanachambua."

"Pamba?"

"Mambo. Huyu anachambua lugha, huyu historia, huyu maradhi, huyu nyota. Analichukua jambo, analitenganisha nyuzi kwa nyuzi, anakuonyesha limefanywa na nini."

"Kumbe tuna kazi moja," alisema Fundi, na alifurahi kuliko alivyotaka kuonyesha. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Bibi, una kitabu cha usingizi?"

"Kipo."

Bi Miwani alimletea kitabu kizito kama tofali. Fundi alikifungua, akaweka kidole chini ya neno. "U-bo-ngo wa bi-na-da-mu..." Aliinua macho. "Hiki si cha daktari?"

"Si umesema usingizi?"

"Ninataka usingizi wa kuimba."

"Aa! Ungesema hivyo. Mteja akitaka mto kwako, anasema ninataka pamba? Ukiingia duka la vitabu, sema unachotafuta na unakitafutia nini. Aliyeandika kuhusu usingizi wa ubongo na aliyeutungia usingizi shairi ni watu wawili, na hawakai rafu moja."

Ndipo Fundi akamweleza habari ya baba yake na ule wimbo. Bi Miwani alisikiliza bila kumkatiza.

"Mstari wa kwanza unaujua?"

"Usingizi njoo kwangu."

Bi Miwani alikwenda kwenye rafu ya vitabu vya kale, akachukua kimoja, akakifungua mwisho. Akakirudisha. Akachukua kingine, akakifungua mwisho tena.

"Bibi, mbona unaingilia mlango wa nyuma?"

"Mlango wa nyuma ndio wa wenye nyumba. Hii ni faharasa. Mbele ya kitabu utaona yaliyomo, yamefuata kurasa. Nyuma utaona faharasa, imefuata alfabeti. Katika vitabu vya mashairi kama hiki, faharasa hupanga mistari ya kwanza. Hujui jina la shairi? Hujui mtunzi? Ukijua mstari wa kwanza tu, yatosha. Haya, tafuta U."

Kidole cha Fundi kiliteremka. Ua langu. Ulimi ni moto. Ungeniuliza mimi. Kidole kikasimama.

Usingizi njoo kwangu.

Pembeni palikuwa na namba ya ukurasa. Fundi aliitazama namba ile kama mtu aliyeonyeshwa nyumba ambayo alizaliwa ndani yake na hakuijua.

"Nani aliutunga?"

"Hapa wameandika: mtunzi hajulikani. Labda ulipita midomo mingi kabla ya kufika kitabuni. Fungua basi, usome."

"Hapana," alisema Fundi, akakifunga. "Masikio ya kwanza ni ya Baba."

Walikubaliana kitabu kwa mto wa pili. Fundi alirudi nyumbani amekikumbatia kifuani kama mtoto wa jirani aliyekabidhiwa kwa muda.

*

"Baba, nimeupata."

"Umepata nini?"

"Wimbo wa mama yako. Umo kitabuni."

Mzee aliinuka kwenye godoro. "Kitabuni? Nani alikiambia?"

"Tega sikio kwanza."

Mkwe alikuwa ameegemea mlango, jasho la mkokoteni halijamkauka. Fundi alifungua ukurasa. Aliona maneno yamepangwa safu mbili, ya kushoto na ya kulia, na katikati nafasi nyeupe. Hakushangaa. Darasani walijifunza kwa gazeti, na gazeti lina safu. Alianza juu, upande wa kushoto.

"Usingizi njoo kwangu."

Mzee alifungua kinywa kama mtu anayetaka kuitikia. Lakini Fundi alikuwa amekwisha kushuka mstari wa chini.

"Mkeka na mto wangu. Wameshalala wenzangu."

"Ngoja," alisema mkwe. "Mkeka na mto ndio wenzake waliolala?"

"Usinikatize. Keti nami mwenzi wangu. Usibishe kwa makeke. Yumo mwana na mamake. Mwenye homa umshike..."

"Umshike! Kwani kaiba nini?"

"Bwana wee, nyamaza! Keti nami mwenzi wangu."

Akapanda juu, akaanza safu ya kulia. "Mlango sijaufunga. Vyote nimekwisha panga. Macho yangu yanatanga. Kukicha utajitenga. Nyumba hii ya wazee. Wote wawili walee. Mkono umpepee..."

"Mkono ndio unaopepewa?" mkwe aliuliza, lakini safari hii kwa sauti ya chini, maana alikuwa ameuona uso wa mzee.

"Funga," alisema mzee.

"Baba, kuna ukurasa mwingine..."

"Funga, mama." Sufi ilimtua begani asiiondoe. "Maneno ni ya mama yangu. Nayajua. Lakini yamekaa kama watu walioamka katika vitanda visivyo vyao. Kumbe ndivyo wimbo ulivyokuwa. Mimi nimekaa umri wote na wimbo wa kujitungia kichwani."

"Labda kitabu kimekosea."

"Kitabu kimepigwa chapa mara mbili kikosee? Nimekosea mimi. Hata sauti yake ninayoisikia, labda nayo nimeitunga."

Akajilaza, akageukia ukuta.

Kesho yake Fundi alimaliza godoro kubwa, akalitandaza. Mzee hakulilalia. "Mpe mwenyewe," alisema. "Mimi sijui tena donge ni nini." Mkwe alilifunga kwenye mkokoteni bila mzaha wowote. Kabla ya kuondoka alimvuta mkewe kando.

"Mke wangu, kirudishe kile kitabu. Kabla yake mzee alikuwa na nusu ubeti. Sasa hata nusu tumemnyang'anya."

*

"Kitabu chako kibovu," Fundi alimwambia Bi Miwani, akakiweka mezani.

"Kurasa zimetoka?"

"Maneno yametoka akili."

"Nisomee nikusikie."

Fundi alisoma kama alivyomsomea baba yake, akishuka kushoto, kisha akishuka kulia. Alipofika kwa mwenye homa anayeshikwa, miwani ya Bi Miwani ilianza kushuka, lakini hakucheka.

"Nani alikufundisha kusoma hivi?"

"Mwalimu wa jioni. Unamaliza safu ya kwanza, unapanda juu, unaanza ya pili."

"Mwalimu wako amesema kweli. Gazeti ndivyo lisomwavyo. Shairi sivyo." Alikigeuza kitabu kimwelekee Fundi. "Nikikupa vipande viwili vya kitambaa vya kushonea godoro moja, mshono utapita wapi?"

"Katikati, vinapokutana."

"Hii nafasi nyeupe umeiona kama ukuta. Si ukuta. Ni mshono. Kipande cha kushoto kinaitwa ukwapi. Cha kulia kinaitwa utao. Viwili hivyo ni mstari mmoja. Hesabu silabi: u-si-ngi-zi njo-o kwa-ngu. Nane. Sasa upande wa pili: m-la-ngo si-ja-u-fu-nga. Nane. Mtunzi alipima vipande vilingane, ili vikishonwa visivutane. Sasa usishuke. Vuka."

Fundi aliweka kidole. Kilifika kwenye nafasi nyeupe. Kisha kikavuka.

"Usingizi njoo kwangu, mlango sijaufunga."

Ndivyo baba yake alivyousema, siku zote, neno kwa neno.

"Mwenye homa umshike," Bi Miwani alimwonyesha, "halafu vuka."

"Mkono umpepee." Fundi aliweka kiganja mdomoni. "Mungu wangu. Umshike mkono, umpepee! Bibi, mimi nimefumua kila mahali."

"Ukifumua shairi katikati, pamba humwagika. Haya, twende. Leo nafunga duka. Nataka kumwona mzee huyo."

*

Mzee alikuwa bado ameuelekea ukuta. Fundi hakumwomba ruhusa. Alikaa sakafuni karibu na kichwa chake, akafungua kitabu, akalaza ile sindano ndefu chini ya mstari ili jicho lisiteleze. Bi Miwani alikaa juu ya robota la pamba. Mkwe alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Usingizi njoo kwangu," alisoma Fundi, akatua pumzi kwenye mshono.

Na sauti ikatoka ukutani:

"Mlango sijaufunga."

Fundi hakuthubutu kuinua macho. "Mkeka na mto wangu..."

"Vyote nimekwisha panga."

"Wameshalala wenzangu..."

Hapo ndipo mzee alipokuwa akikwama. Sufi moja iliteremka polepole ndani ya mwanga, ikatua kwenye ukurasa.

"Macho yangu yanatanga," alisema mzee, na akageuka. "Soma, mama. Usiache."

"Keti nami mwenzi wangu..."

"Kukicha utajitenga."

Wakaenda hivyo ubeti wa pili wote. Fundi alitoa kushoto, baba yake akajibu kulia. Usibishe kwa makeke, nyumba hii ya wazee. Yumo mwana na mamake, wote wawili walee. Mwenye homa umshike, mkono umpepee. Mkwe alitikisa kichwa na kunong'ona, "Kumbe yule mgonjwa hana hatia."

Fundi alifungua ukurasa wa pili. Akasogeza sindano, akairudisha.

"Nini?" aliuliza mzee.

"Upande wa kushoto upo, Baba. Upande wa kulia kuna nukta tupu."

"Kuna kinyota pale mwisho," alisema Bi Miwani. "Kinyota kinakuita chini ya ukurasa. Yale maneno madogo ya chini ni tanbihi. Humo wasomi huweka yale ambayo hayakupata nafasi juu. Usiyaruke kamwe. Soma."

Fundi alisogeza sindano chini kabisa. Herufi zilikuwa ndogo kama sisimizi.

"Na-ka-la pekee iliyopatikana ili-kuwa imeliwa na mchwa ukingo wa kulia. Msomaji yeyote anayejua utao wa ubeti huu anaombwa amwandikie mhariri."

"Mchwa amekula nini?" aliuliza mzee.

"Upande wa kuitikia, Baba."

Mzee aliketi wima. Alinyoosha shuka magotini kama mtu anayejiandaa kupokea mgeni.

"Mimi mchwa hajanila. Anza."

"Siku ukija daima..."

Mzee alifumba macho. Midomo yake haikupapasa.

"Njoo na sauti hiyo."

"Nikute nimeshasema..."

"Yaliyo ndani ya moyo."

"Na nilioacha nyuma..."

Hapo mzee alicheka. Kicheko kilimjia ghafla, chembamba, kama cha mtoto chini ya blanketi.

"Walale pasi na choyo! Tulikuwa na blanketi moja, sote. Kaka yangu alikuwa akilivuta lote. Mama akifika hapo husimama juu yake, hungoja aliseme mwenyewe. Pasi na choyo! Naye huliachia blanketi. Ukwapi ulikuwa wa mama. Utao ulikuwa wetu. Mimi sikujifunza wimbo mzima, mwanangu. Nilijifunza kuitikia."

Fundi alifuta macho kwa ncha ya kanga. "Keti nami mwenzi wangu..."

"Kukicha usijitenge."

"Baba, si utajitenga? Beti mbili za kwanza zinasema utajitenga."

"Za kwanza, ndiyo. Usingizi ule ni wa kila siku, huja na kuondoka. Wa ubeti huu ni wa mwisho. Huo huuambii uondoke. Tukikosea, mama alikuwa akisema: rudieni, huyu si yule."

Mkwe alisogea. "Una hakika, Baba? Maana jana tulitafuta viatu vyako nyumba nzima, na ulikuwa umevivaa."

"Na kesho nitavitafuta tena," alisema mzee bila haya. "Viatu nasahau. Hili sikulisahau. Sikuwahi kuulizwa."

Bi Miwani alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu, ingawa haikuwa na vumbi.

*

Mambo yalibadilika mle chumbani, polepole, kama pamba inavyoumuka.

Mzee alirudi kulalia magodoro na kukuta madonge ambayo macho yenye afya hayakuyaona. Sahani yake ilirudi tupu. Saa za alasiri, kazi ilipopoa, Fundi alifungua kitabu, akaweka sindano chini ya mstari. Mkwe alijifundisha ukwapi wa mashairi kadhaa, akawa anayatoa barabarani akisukuma mkokoteni, na wauza duka wakajifunza kumjibu.

Fundi naye alijifunza kuingia dukani kwa Bi Miwani kama mtu anayeingia kwa jamaa. Akichukua kitabu hatazami unene wake. Hutazama ukurasa wa jina, ajue nani ameandika. Hugeuza nyuma yake, ajue kilichapwa lini na kama kimechapwa upya. Husoma dibaji, maana humo mwenye kitabu hueleza alichokusudia. Hutazama yaliyomo, kisha huingia kwa mlango wa nyuma. Nyumbani hukifunika kwa karatasi, hukiweka juu ya ubao mbali na ukuta wenye unyevu, na kila afagiapo hukiinua atazame kama kuna mchwa. Alichukua hata kitabu kimoja cha kitaaluma, cha uchambuzi wa mashairi. Alikisoma taratibu sana. Kurasa nyingine zilimshinda, akaziacha, akazirudia. "Msomi huyu anachambua vizuri," alimwambia Bi Miwani, "ila pamba nyingine anaipiga hata inakuwa vumbi."

Na barua iliandikwa.

Anwani ya mhariri waliikuta kitabuni, nyuma ya ukurasa wa jina. Fundi alinunua karatasi nzuri. Alikaa juu ya godoro lisiloshonwa bado, ubao magotini, na baba yake akakaa karibu akisikiliza mkwaruzo wa kalamu.

"Niandike nini kwanza?"

"Msalimu. Mtu hadaiwi kitu kabla ya salamu."

Fundi aliandika, akasoma kwa sauti:

"Mheshimiwa Mhariri, salamu. Sisi ni washonaji wa magodoro. Tumesoma kitabu chako. Umeomba utao wa ubeti wa tatu. Baba yangu anaujua kutoka kwa mama yake, na mama yake alikuwa akiuimba kila siku ya maisha yake. Neno la mwisho si utajitenga. Ni usijitenge. Usilisahihishe."

"Andika hapo mbele: tafadhali," alisema mzee.

"Usilisahihishe, tafadhali."

"Vizuri. Sasa panga."

Fundi alipiga mstari mwembamba wa penseli katikati ya karatasi, akapanga ubeti, kipande na kipande chake:

Siku ukija daima,          njoo na sauti hiyo
Nikute nimeshasema,          yaliyo ndani ya moyo
Na nilioacha nyuma,          walale pasi na choyo
Keti nami mwenzi wangu,          kukicha usijitenge

Kisha akaufuta ule mstari wa penseli, pakabaki peupe.

Walikwenda posta wote wawili, mzee ameshika kiwiko cha binti yake. Karani alitaka kujua bahasha ina nini ndani.

"Upande wa kulia," alisema mzee.

Karani aliwatazama, akaipima. "Nyepesi sana hii."

"Pima tena," mzee alimwambia kwa upole.

Karani alipima tena, akabandika stempu. Fundi aliitoa karatasi, akaisoma mara ya mwisho, akaikunja, akairudisha ndani. Akalamba ukingo wa bahasha, akaukandamiza kwa kiganja toka mwanzo hadi mwisho. Mzee akapitisha ukucha wake juu yake, akitafuta mahali palipoachia. Hapakuwapo.

Aliiingiza mwenyewe katika tundu la sanduku. Lakini hakuiachia. Mkono wake ulibaki pale, nusu ya bahasha nje, nusu ndani.

"Baba?"

"Nasikia, mama." Alivuta pumzi, akaitoa. "Sasa hata nikisahau, si neno."

Vidole vikafunguka.